Muhuri wa Sadaka

Sehemu ya saba: Kwaya ya Kibakwe

Tulimwacha wapi Injinia? Mlangoni. Mlango wa kanisa la Zuzu Relini, Jumamosi asubuhi, suti mpya ya bluu, ua kifuani, simu sikioni, na uso umempauka. Mbele madhabahuni binti yake wa pekee anaolewa. Kwenye simu yuko Yasinta, mhandisi wa majengo aliyesoma naye chuo, na anamwambia maneno ambayo wiki nzima mmenisumbua niyarudie. Haya, nayarudia.

"Lameck, hiyo balkoni asipande mtu."

Na wakati Yasinta anasema hivyo, kwaya ya Kibakwe ilikuwa inapanda ngazi za balkoni hiyohiyo, njuga miguuni, wanacheka.

"Wameshapanda," Lameck alisema kwa sauti ya chini.

"Akina nani?"

"Kwaya. Basi zima."

Yasinta hakuzunguka. Huyu mama si mtu wa kuzunguka, mnamfahamu.

"Juzi nilipokuja kuutazama ule ufa wa kwenye balkoni nilikwambia ni plasta tu," alisema. "Nilikosea. Jana nimekaa na ramani yako, nimerudia hesabu zote. Hebu niambie, wale watu wa juu uliwahesabu vipi?"

"Kwa uzito wao. Nikajumlisha, nikaongeza kidogo."

"Uliwahesabu kama maji."

Na kweli ndivyo alivyofanya. Lameck Ndahani ni mhandisi wa maji, tena mzuri, tusimwonee. Ukitaka maji yatoke kisimani yapande kilimani, mwite yeye. Matangi mengi yaliyoinuliwa juu ya nguzo kuanzia Zuzu mpaka njia ya Mtera ni kazi ya mkono wake na hakuna lililoinama. Lakini maji ndani ya tangi yanatulia. Kwaya ya Kigogo haitulii. Inaruka pamoja na kutua pamoja, na Lameck ni Mgogo mwenyewe, amerukia humohumo tangu anaota meno. Bado akakaa mezani na kalamu yake akawahesabu wajomba zake kama lita za maji.

Kwa mliodandia hadithi njiani, nifupishe. Siku ya harambee ya balkoni kila mtu alisimama na chake. Huyu mifuko ya saruji, yule lori la mchanga, bibi mmoja mbuzi wake jike. Zamu ya Lameck ikafika, kanisa zima likamgeukia msomi wao. Akasimama, akavuta koti, akasema, "Mimi natoa muhuri wangu." Vigelegele vikasikika hadi stesheni. Hakuna aliyeuliza ni muhuri wa kazi gani. Kwao injinia ni injinia. Yeye ndiye aliyekuwa anajua tofauti, na siku anaandikishwa alikula kiapo kwamba hatagonga muhuri kwenye kazi asiyoisomea. Akakaa chini akipigiwa makofi, na makofi yakamnogea.

"Waambie washuke," Yasinta alisema. "Sema ulikosea. Ni suala la dakika moja."

"Mbele ya wakwe?"

"Lameck."

"Nitawashusha. Kuna njia."

"Njia ni kusema. Mimi ndiyo natoka mjini, nakuja."

Lameck akakata simu. Sasa mtazameni huyo mtu mzima na njia zake.

Alimwendea mdogo wake Sostenes, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliyekuwa amesimama chini ya ngazi akiwaelekeza wageni.

"Sostenes, washushe Kibakwe. Mpiga picha anawataka chini."

"Mpiga picha gani, kaka? Mpiga picha yuko juu nao."

Lameck akainua macho. Kweli, yuko juu, amepiga goti kwenye ukingo, kamera inameta.

"Basi waambie wakwe hawawaoni vizuri."

Sostenes akacheka. "Kaka, siku ya ufunguzi si wewe uliyesema inabeba tembo? Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Leo nikawashushe watu waliosafiri kutoka Kibakwe, nao wamekuja kumwimbia mtoto wako? Una nini?"

Mdomo wa Lameck ukafunguka. Sostenes akamtazama kwa yale macho yake, maana duniani hakuna mtu anayemheshimu kama kaka yake huyu, aliyemsomesha, anayemtaja kila anapokaa na watu. Mdomo ukafungika.

"Hamna kitu," alisema. "Joto tu."

Ndipo alipomwona mama yake.

Bibi Ruthu alikuwa amekaa benchi la mwisho, chini kabisa ya balkoni, katikati ya kinamama wenzake wa Kibakwe. Mlangoni kuna upepo, na Bibi Ruthu hapendi kukaa mbele akatazamwa viatu. Lameck alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona unatetemeka?"

"Njoo ukae mbele na wakwe."

"Hapa naona vizuri."

"Basi twende nje kidogo, upate hewa."

"Hewa ndiyo hii."

"Mama, nakuomba. Usikae hapa."

Bibi Ruthu akamtazama mwanawe kwa muda. Huyu ni mwanamke aliyemjua Lameck kabla Lameck hajajijua. Akatazama juu kwenye zege, akamrudia.

"Kuna nini juu?"

"Hakuna kitu."

"Na hawa wenzangu?" Akaonyesha benchi zima kwa kidevu. "Nao wahame, au ni mimi tu?"

Mnajua alijibu nini? Nataka mlisikie vizuri jibu hili, maana kuna wasomaji wananiandikia kwamba namwonea Injinia.

"Wewe tu, Mama."

Bibi Ruthu akavuta kitenge chake mabegani na kujiweka sawa kwenye benchi. "Basi nimekaa," alisema, na hakumtazama tena.

Mbele, pete zilishavishwa. Mchungaji akafunga Biblia, akasema jina la Kibakwe kwenye kipaza sauti, kanisa likalipuka kwa vigelegele. Juu Sila, kiongozi wa kwaya, mrefu na mwembamba na kifua kama ngoma, akainua mikono. Kinanda kikaingia. Njuga zikaingia. Na miguu ikatua yote kwa pamoja, ikainuka, ikatua tena.

Lameck alisikia kila mguu ulipotua. Alisikia kwenye meno.

Akakimbilia chumba cha mchungaji, kulikokuwa na swichi kubwa ya umeme, akaishusha. Spika zikafa. Kinanda kikafa. Kipaza sauti kikafa. Injinia akaegemea ukuta akashusha pumzi, akajiona mjanja. Alikuwa amesahau tu yeye ni wa kabila gani.

"Umeme ni wa kwao," sauti ya Sila ilisikika kutoka juu, "miguu ni ya kwetu."

Kwaya haikunyamaza. Iliposikia spika zimekufa iliongeza. Hicho kinanda kilikuwa kinawabana, sasa wako huru, wanaruka kama wanavyoruka kwao, na njuga zinajaza kila pembe. Wageni wa chini nao, walipoona sauti haiwafikii vizuri, wakaanza kuinuka kufuata uhondo. Vijana wa upande wa bwana harusi wakapanda ngazi wakipiga makofi. Kinadada wakavua viatu vyao virefu wakawafuata. Balkoni iliyokuwa na watu wengi, sasa ikawa imejaa.

Lameck alitoka chumbani akayaona hayo. Vumbi jeupe lilikuwa linashuka taratibu juu ya vichwa vya kinamama wa benchi la mwisho. Bibi Ruthu alijipangusa bega kwa mkono, akakitazama kiganja, halafu akamtafuta mwanawe kwa macho mpaka akampata.

Hapo ndipo Injinia alipokimbia. Alipita katikati ya mabenchi, akanyakua kipaza sauti mbele ya mchungaji, akapaza sauti.

"Shukeni. Balkoni haifai. Shukeni."

Nani amsikie? Kipaza sauti kimekufa, amekiua mwenyewe. Walichoona watu ni baba wa bibi harusi amesimama mbele na kipaza sauti, mdomo unacheza, mikono hewani, machozi yanamtoka. Wakamshangilia. Mama mmoja akaja akamtunza noti kwenye paji la uso. Mwingine akamvisha kitenge. Lameck akapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza, nao wakazidi kumpigia vigelegele. Laiti wangejua.

Aliyeelewa alikuwa Elieth, bibi harusi mwenyewe. Alikuwa karibu, na anamjua baba yake akifurahi anakuwaje.

"Baba, unasema nini?"

"Balkoni itaanguka."

Elieth hakuuliza mara ya pili. Aliinua mkono wake wenye glavu nyeupe, juu kabisa, akaushikilia hapo. Sila akauona. Kwaya hainyamazi kwa sababu ya umeme, lakini kwa bibi harusi ilinyamaza. Njuga zikaisha moja moja.

"Baba anataka kusema," alisema Elieth.

Kanisa zima likamgeukia Lameck. Benchi la mbele alikuwa amekaa Mzee Ambokile, baba wa bwana harusi, mstaafu wa wizarani, mtu wa Mbeya asiyecheka ovyo. Huyu ndiye aliyetangaza kwenye kikao cha ukoo wake kwamba kijana wao anaoa kwa injinia, tena si injinia wa kubahatisha. Akaweka mikono juu ya fimbo yake.

"Rudia, ndugu yangu. Tusikie wote."

"Balkoni si salama. Washuke polepole, bila kuruka."

Hakuna aliyeinua mguu.

"Kaka," Sostenes aliita kutoka nyuma, na alikuwa anatabasamu, alidhani ni mzaha wa harusi. "Si wewe uliyeipitisha?"

Sila akainama juu ya ukingo. "Injinia, tushuke kwa lipi? Muhuri si wako?"

Watu wakacheka. Mtu akagonga ukingo kwa kiganja kuonyesha ulivyo imara. Mmoja wa vijana wa bwana harusi akaruka mara moja, kwa utani, na Lameck akasikia ndani ya zege mlio mdogo, mkavu, ambao hakuna mwingine aliyeusikia.

"Baba," Elieth alisema. "Ulikosea hesabu?"

Swali lilikuwa hilo tu. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtoto anayetaka kujua, na jibu lake lilikuwa fupi: ndiyo mwanangu, nilikosea, mimi majengo siyajui. Lameck alikuwa nalo mdomoni. Angelisema, wangeshuka, na pengine wangemzomea, na jioni wangekula wali wao. Akamtazama Mzee Ambokile. Mzee alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo.

Na pale pembeni ya nguzo, ndani ya koti aliloazima, ua kifuani kama mgeni yeyote wa heshima, alikuwa amekaa fundi Yoramu na mkewe Angelina. Yoramu ndiye aliyeijenga balkoni. Kadi ya mwaliko alipelekewa na Lameck mwenyewe, kwa mkono wake.

"Hesabu zangu hazina kosa," alisema Injinia. "Fundi alipunguza nondo."

Yoramu alicheka. Aibu hiyo mwachieni, alicheka kweli, alidhani ni utani na yeye amepewa nafasi ndani yake. Akageuka kumtazama mkewe. Alipogeuka tena, mabenchi mawili yalikuwa yamesimama.

"Nondo zetu?" alisema mtu.

"Mbuzi wa bibi yangu yuko ndani ya nondo zile," alisema mwingine.

"Mwizi."

Msomaji, ukweli uliwaambia watu washuke, hakushuka mtu. Huu uongo haukumwambia mtu ashuke, nao wakashuka wote. Vijana walipita ngazi tatu tatu. Kwaya ikashuka na njuga zake, kinadada wakashuka viatu mkononi, mpiga picha akashuka akipiga picha. Kila mtu alitaka kumwona mwizi wa nondo za kanisa, na wengi walitaka kumfikia. Wakamnyanyua Yoramu kwa koti lile la kuazima wakamtoa nje, na kanisa zima likawamiminikia nyuma. Kinamama wa benchi la mwisho wakasombwa na msongamano. Bibi Ruthu alitolewa mlangoni akiwa amebebwa juujuu na wajukuu.

Wa mwisho kutoka alikuwa Lameck, amemshika binti yake mkono. Walikuwa hawajafika kwenye magari balkoni ilipoanguka.

Haikuanguka kwa kishindo cha mara moja. Ilitoa mlio mrefu kwanza, kama mtu anayejinyoosha, halafu ikakaa chini nzima, juu ya benchi la mwisho na benchi la mbele yake. Vumbi likatoka mlangoni na madirishani. Ndege wakaruka kutoka kwenye paa. 

Halafu Sostenes akapiga magoti kwenye mchanga, akainua mikono.

"Kaka yangu ametuokoa."

Basi ikawa hivyo. Walimbeba. Walimbeba kweli, mabegani, mzunguko mzima wa kanisa, Injinia aliyesikia kosa la fundi kwa masikio yake ya kisomi wakati sisi wengine tunaruka. Mchungaji akalia. Mzee Ambokile akasubiri wamteremshe, akamkumbatia mbele ya ukoo wote.

"Nilisema," alisema. "Nilisema kijana wangu anaoa kwa mtu."

Upande wa pili wa uwanja walikuwa wanampiga Yoramu. Kabla ya balkoni kuanguka walikuwa wanampiga kwa mashaka, sasa wana ushahidi. Walimpiga kwa mikanda, kwa fito za turubai, kwa viatu.

"Nilifuata ramani," alisema Yoramu. "Mstari kwa mstari. Muulizeni." Mtu akampiga mdomoni, hakuweza kusema zaidi. Mwingine akaushika mkono wake wa kulia, wa kushikia mwiko, akaukanyaga kwenye kizingiti cha geti. Ulivunjika kwa sauti.

Angelina alipenya akamfikia Lameck. Kanga yake ilikuwa imechanika begani. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya suti ya bluu.

"Injinia, waambie. Ulikuwa unakuja kila jioni kukagua. Kabla zege halijamwagwa ulizihesabu nondo mwenyewe, ukazigusa moja moja. Mimi niliwaletea uji, nilikuona. Waambie waache."

Watu waliomzunguka Lameck wakamtazama. Alikuwa na nafasi nyingine, Mungu alikuwa anamgawia nafasi siku ile kama pipi. Alimtazama Angelina kidogo, kisha akamtazama Sostenes.

"Mwinueni mama huyu," alisema. "Ana uchungu. Polisi watachunguza."

Gari la polisi lilikuja. Askari walimtoa Yoramu mikononi mwa watu wakamweka nyuma kwenye bodi, mkono umening'inia, jicho moja limevimba likafumba. Hakulia wala hakutukana. Aliketi akamtazama Lameck tu kwa lile jicho lililobaki.

Hapo ndipo Yasinta alipofika, amevaa buti zake za kazi, amechelewa kwa kiasi cha kutosha. Hakusalimia mtu. Aliingia kanisani peke yake ingawa walimkataza, akachuchumaa kwenye kifusi, akapapasa bimu, ile boriti ya zege iliyobeba balkoni, pale ilipokatikia. Alipotoka mikono yake ilikuwa myeupe. Alimvuta Lameck pembeni nyuma ya gari la maharusi, lenye maputo na riboni.

"Nondo ziko zote," alisema.

Lameck akatazama pembeni.

"Zote ulizochora ziko. Yule mtu hakupunguza hata moja. Ulichora chache, Lameck."

"Hakuna aliyekufa."

"Umeuona mkono wake?"

"Utaunga."

"Nakwenda pale kwa askari," Yasinta alisema. "Nawaambia sasa hivi, kabla hawajaondoka."

Hebu mwone sasa rafiki yetu. Huyu aliyekuwa anatetemeka mbele ya mama yake, aliyekosa ujasiri wa kumkabili mdogo wake. Aliingiza mikono mfukoni, na sauti yake ikatoka tulivu kabisa.

"Waambie. Na mimi nitawaambia juzi alikuja mhandisi wa majengo, mwenye muhuri wa majengo, akapima ufa, akaniambia ni plasta. Umesahau? Uliniandikia kwenye simu ukaweka na kicheko. Mimi wa maji nilikuwa na haki ya kukuamini wewe wa majengo. Sasa nani ataitwa kujieleza?"

Yasinta akarudi nyuma nusu hatua.

"Una watoto wanasoma," alisema Lameck kwa upole. "Una jina. Kama ni kusema tutasema wote. Kama ni kunyamaza, tumeokoa watu leo, mimi na wewe."

Mwanamke yule akaitazama mikono yake yenye vumbi la zege. Alitazama kule kwenye gari la polisi. Hatua moja aliipiga, nawaapia aliipiga, kisha akasimama. Hakwenda.

Lameck akamgusa bega, karibu kumshukuru. Aliporudi kwa watu, alirudi ametulia. Elieth alimkumbatia, shela yake imejaa vumbi, akamwambia, "Baba, nilikuuliza kama ulikosea. Nisamehe." Na yeye akasema, "Nimekusamehe, mwanangu." Ndiyo, alisema hivyo, na sauti yake haikutikisika.

Wakati huo Sila alikuja mbio, ameshavua njuga, simu mkononi, uso unang'aa kwa jasho.

"Injinia, hebu nitulize roho. Balkoni ilipolala nilitaka kuzimia, maana niliwaza ya kwetu."

"Ya kwenu ipi?"

"Ya shule, kule Kibakwe. Kumbe Sostenes hajakwambia?" Sila akacheka kidogo kwa aibu. "Tulipoiona hii tuliipenda. Akatutolea fotokopi ya ramani, pamoja na muhuri wako hapo chini, halmashauri wakaona muhuri hawakutusumbua. Tumejenga ukumbi wa ghorofa, watoto waimbie juu. Leo ndiyo wanaufungua."

 Nyuma ya Lameck, Yasinta alikuwa amesogea, na alikuwa amesikia.

"Niliogopa sana," Sila aliendelea. "Lakini nikajituliza. Nikasema, shida siyo ramani, Injinia mwenyewe kasema. Shida ni huyu mwizi kula nondo. Sisi fundi wetu ni mwingine, mlokole, hagusi cha mtu. Ramani ni yako ileile. Basi tuko salama, au vipi?"

Mnaona alipofika? Akisema hapana, kwa nini hapana? Kama nondo za Kibakwe zimetimia na ghorofa haifai, basi na za Zuzu zilitimia. Basi Yoramu ashushwe kwenye gari. Basi Mzee Ambokile, aliyesimama hatua chache pale akisimulia ukoo wake kwa mara ya tatu, ageuke asikilize. Basi Elieth autoe mkono wake kwenye mkono wa baba yake.

"Lameck," alisema Yasinta, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Hao ni watoto."

"Mwalimu mkuu yuko hewani," Sila alisema. "Nimemwambia yaliyotokea, ameshtuka. Anataka kusikia kwako wewe tu, ndiyo aamini." Akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo, Injinia," sauti ya mwanamke ilisema, ya upole, na nyuma yake kelele za shule yenye sherehe. "Mwalimu Emiliana hapa. Poleni sana, na hongera kwa kuokoa watu. Sitakuchosha. Watoto nimewapanga kwenye ngazi, wameshavaa njuga, wazazi wamekaa chini wanasubiri. Sila ananiambia hatuna shida, lakini moyo wangu umekataa mpaka nikusikie. Niwapandishe, au niwazuie?"

Gari la polisi liliwashwa. Elieth akakiegemeza kichwa chake kwenye bega la baba yake.

"Wapandishe, Mwalimu," alisema Lameck. "Hiyo iko sawa."

Mwalimu Emiliana akamshukuru, akamwombea baraka yeye na nyumba yake, kisha akawaita watoto wapande, bila kukata simu.